Pili Aliyebaki na Ndonya Yake: Wasifu wa Bibi Justa Nalinga

Bibi Justa Nalinga, karani mkuu wa ofisi yetu ya maji hapa Newala, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo wakuu wa ofisi wamekuja na kuondoka, na kila aliyefika aliuliza swali lile lile: faili fulani liko wapi? Jibu nalo halikubadilika: muulizeni Mama Devotha, kama wote tunavyomwita. Kuanzia kesho yake tutatafuta wenyewe, na Mungu atusaidie.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Gwakisa wa stoo. Kamati ya sherehe ilisema nimechaguliwa kwa sababu naandika vizuri. Ninavyowajua wenzangu, waliogopa tu kumwandikia mtu ambaye mwenyewe ni mwandishi wa vitabu. Basi mwenye kuona kosa humu asilikimbize kwa Mama Devotha. Kalamu yake nyekundu nayo inastaafu leo.

Alizaliwa Lulindi, wilayani Masasi, mwaka 1942, mtoto wa mwalimu Ambrosi Nalinga na Bibi Dominika. Alisoma hapo hapo misheni, akajifunza upigaji chapa Mtwara, akaajiriwa Newala mwaka 1966. Hapa ndipo alipompata marehemu Alfredi, fundi wa mitambo ya kusukuma maji kule bondeni. Wazee wa ofisi wanasema Alfredi alikuwa akipanda mteremko kuja kuripoti ubovu wa mashine hata siku ambazo mashine ilikuwa nzima. Walijaliwa mtoto mmoja, Devotha, ambaye sasa ni muuguzi Mtwara.

Wageni wetu wa leo wanaotoka mbali wajue jambo moja kuhusu huku juu. Udongo wetu unaotesha mikorosho na mihogo hauna mto. Mimi nilikuja mwaka 1983 kutoka Tukuyu, kwetu ambako mtu huomba mvua ipumzike kidogo aanike nguo. Nilishangaa kukuta mji mzima unakunywa maji yanayosukumwa kutoka bondeni. Mashine ikigoma, foleni ya ndoo pale bombani hurefuka hadi sokoni, na kina mama wenye ndoo hizo huwa hawana maneno mazuri kwa mtu yeyote wa idara. Aliyetumwa kwenda kuwaambia wasubiri alirudi amechoka roho.

Mama Devotha ndiye aliyeligeuza jambo hilo. Siku moja, miaka ya themanini, alipotumwa kwenda kuwatuliza, alibeba karatasi alizokuwa akiandikia hadithi yake. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuwasomea. Wakanyamaza. Tangu siku hiyo ikawa kanuni ya ofisi ambayo haikuandikwa popote: mashine ikikata, mpelekeni Mama Devotha. Na iko siku maji yalirudi katikati ya sura, bomba likaanza kukoroma, na kina mama wakampigia kelele mlinzi wa bomba afunge kwanza. Nadhani Newala ndiyo mahali pekee ambapo idara ya maji imewahi kulaumiwa kwa kutoa maji.

Tuseme sasa juu ya vitabu, maana ndivyo vilivyomtangaza kuliko mafaili yetu. Mama Devotha huandika hadithi za mapenzi za zamani, za enzi za babu na bibi zetu. Cha kwanza, *Harusi ya Chiwata*, kilitoka mwaka 1977, nacho kilisomwa sana katika madarasa ya watu wazima. Halafu ikaja miaka ya uhaba. Karatasi hakuna, wino hakuna, wachapishaji wa umma wakawa wanajibu kwamba wanangoja. Yeye hakungoja. Aliandika kitabu chake cha pili, *Mkunya Hakuna Mto*, kwenye migongo ya fomu za zamani za ofisi, na hilo nalitamka hadharani leo kwa kuwa hawezi tena kukatwa mshahara.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1917. Alfani, kijana wa Mkunya, anachukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita. Mchumba wake Pili anabaki, kila siku akishuka bondeni na kibuyu na kuupanda mlima, huku karani wa boma akimtaka. Pili ana ndonya, kile kipande cha mti cha duara ambacho bibi zetu walikivaa kwenye mdomo wa juu kama pambo. Kwa Alfani, na kwa kijiji chote, hakuna mwanamke mzuri kumpita.

Hapo tuingie nyumbani kwa Mama Devotha kidogo, kwa ruhusa yake. Bibi Dominika, mama yake mzazi, alitobolewa mdomo akiwa msichana, kama wenzake wote wa rika lake. Zama zikageuka. Majukwaani ikahubiriwa kwamba pambo lile ni la kishenzi, na Bibi akalitoa, lakini mdomo ukishanyooshwa haurudi. Akienda hospitali watoto walimcheka. Akipanda basi watu walimkodolea macho. Tulipomzoea nyumbani kwa bintiye alikuwa bibi mcheshi ajabu, ila mgeni akipiga hodi yeye alikwenda jikoni. Mama Devotha alimwandika Pili kwa sababu hiyo moja. Alitaka pawepo kitabu kimoja duniani ambamo sura ya mama yake inapendwa. Aliniambia hivyo wazi, tukiwa tunahesabu koki stoo.

Zikaingia enzi za ruksa. Masasi na Newala zikajaa mitumba, redio za kaseti na sabuni za rangi zote. Wachapishaji wa umma walipozimika, wakazaliwa wa binafsi, na mwaka 1991 kampuni moja changa ya Dar es Salaam ikaandika kwamba imeipenda mno *Mkunya Hakuna Mto*. Ofisini tulishangilia. Baada ya miaka kumi na minne ya kimya, Mama Devotha angetoka tena! Sharti lao lilikuwa dogo, walisema. Msomaji wa kisasa anayelipia kitabu kwa fedha yake anataka msichana wa kuvutia, na jalada nalo linamtaka huyo huyo. Kwa hiyo Pili aondolewe ndonya.

Alikataa. Jioni yake mama yake akamwita, naye akamkuta anamenya mihogo. Bibi Dominika hakujua kusoma lakini habari zote za nyumba ile zilimfikia. Akamwambia, "Mwanangu, mtoe tu huyo binti ndonya yake. Mimi mdomo wangu haurudi, lakini wa kwake ni wa karatasi."

Maneno hayo yalimuumiza Mama Devotha kuliko barua yoyote ya Dar es Salaam. Kukataa matakwa ya kampuni ni rahisi. Kumkatalia mama mzazi anayekuomba, kwa upendo, uufute uso wake ili wewe ufanikiwe, hilo ni jingine. Masika yote alizunguka ofisini kama mgonjwa. Mwishowe alitii. Aliandika upya, akampa Pili midomo waliyoitaka, na kabla ya kutuma akaamua kupima kwanza kwa wale waliomzoea Pili kuliko wote.

Mashine ilikuwa imekata tangu asubuhi. Alikwenda bombani na karatasi zake, na mimi nilikuwepo, nikisimamia ubadilishaji wa koki. Bibi Dominika naye alikuja, akaketi nyuma ya wote na kindoo chake. Sura mpya ilianza na msichana anapanda kutoka bondeni, kibuyu kichwani. Ikaeleza macho yake, shingo yake, kisha midomo yake laini isiyo na doa. Kina mama wakaanza kusonya. Isabela, muuza mihogo mibichi kutoka Mkunya, akanong'ona kwa sauti ambayo hata bondeni ilisikika, "Na huyu katokea wapi tena huyu?" Mama Devotha akaendelea. Msichana akakutana na mjumbe kutoka vitani, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Pili, mchumba wa Alfani.

Lo! Foleni nzima ilisimama. "Muongo!" Isabela alipaza. "Kajiita Pili ili amchukue Alfani! Mama Devotha, usimwachie huyo!" Mwingine akasema hapana shaka ni dada yake karani wa boma, ametumwa. Mwingine akataka kujua Pili wa kweli yuko wapi muda huo, isije ikawa wamemfungia. Nilijaribu kueleza kwamba huyo ndiye Pili, ni mwandishi tu amebadilisha kidogo. Niliambiwa nirudi kwenye koki zangu. Kisha binti mmoja mdogo kabisa, mwenye nywele za dawa na gauni la mitumba, mtu wa kisasa hasa, akamaliza ubishi: "Mwenye Alfani ni yule wa ndonya. Huyu hatumjui."

Mama Devotha alikunja karatasi. Hakusoma tena siku hiyo. Nilimtazama Bibi Dominika kule nyuma. Alikuwa ametulia, anaitazama midomo ya watu wale wanaopigania mdomo kama wake. Kisha akainuka, akaacha kindoo chake kwenye foleni, akaenda zake nyumbani.

Jioni hiyo, bila kuulizwa, alimweleza bintiye jambo ambalo hakuwahi kulitamka tangu mumewe afariki. Mwalimu Ambrosi alipokuwa kijana pale Lulindi, wenzake wa bweni walimcheka kwa kumposa msichana mwenye ndonya wakati wapo waliosoma, wenye midomo mizima. "Baba yako aliwasikiliza mpaka wakamaliza," Bibi alisema. "Akawaambia, hao wenu wazuri, lakini bado hawajamalizika. Huyu wangu amekamilika." Kisha akaongeza, "Mrudishie huyo binti ndonya yake. Kina mama watakuharibia bomba."

Basi kampuni ikajibiwa hapana, safari hii bila kurudi nyuma. Alfani anaporudi kutoka vitani, katika ukurasa wa mwisho, anayasema maneno ya mwalimu Ambrosi, na sasa wote mnayajua. Vijana wa Masasi wameyaandika kwenye madigadi ya baiskeli: *Bado hawajamalizika*.

Soko huria lililotaka kumkata Pili mdomo ndilo hilo hilo lililomletea njia. Mwaka 1993 mfanyabiashara Muharami alileta mashine ya fotokopi Masasi, ya kwanza tuliyoiona mtaani, akakubali kutoa kitabu kwa vipande vitatu vilivyoshonwa kwa uzi. Kiliuzwa stendi, minadani, na msimu wa korosho hadi vijijini. Kipande cha pili kilipochelewa, Isabela alifunga safari hadi Masasi kumgombeza Muharami. Mwaka jana mchapishaji mwingine wa Dar es Salaam, baada ya kuviona vile vipande, alikitoa kitabu kizima, na Pili amekaa kwenye jalada na ndonya yake. Picha ilichorwa na Anthony, fundi vinyago wa hapa hapa mjini. Alimwomba Bibi Dominika akae amchore. Bibi alikataa, akamtuma jirani yake, akisema yeye bado hajafikia huko kwa kutazamwa na kila mtu.

Machi mwaka huu kimetoka kingine kipya, *Karani wa Boma*, kwa kuwa kina mama wa foleni walianza kumwonea huruma yule aliyekataliwa wakadai naye apatiwe mke. Amepatiwa, mkali kama alivyostahili. Kuna waliosema mwandishi wa mapenzi hafai kuwa karani mkuu. Sisi tuliofanya naye kazi tunasema hakuna barua ya ofisi hii iliyomjibu mwananchi kwa kebehi tangu Mama Devotha awe mezani pale. Aliwapenda watu wa foleni kama alivyowapenda watu wa vitabu vyake, na wakati mwingine naona hakuwatofautisha.

Anarudi Lulindi na mama yake, na anaondoka na kazi mkononi. Kitabu kijacho kitakuwa cha mwalimu na mke wake: uchumba wa misheni, kicheko cha bweni, miaka ya vita kuu ya pili mwalimu alipokwenda Burma akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Bibi Dominika amekubali kusimulia yote. Mama Devotha, kwa kumwogopea, alimweleza kwamba majina yatabadilishwa na hakuna atakayejua. Bibi alikataa katakata. Amesema Pili ni Pili, yeye ni Dominika, na kitabu kisipoandikwa Dominika hasimulii hata neno moja.

Mama Devotha, idara inakushukuru, na foleni inakushukuru kuliko idara. Tulipokosa maji ulitupa cha kungojea. Pumzika, ule korosho za kuchoma bila kutazama saa, kisha uketi uandike, na maisha ya huko Lulindi yawe mema kwako kama ulivyokuwa mwema kwetu. Nasi wote wa ofisi ya maji, kabla hatujakisoma kitabu hicho, tunamwamkia mwenye jina lake: Bibi Dominika, shikamoo.