Kaburi la Ng'ombe wa Mzee Mabula

Method alikuwa ndani ya basi la Migato, amepakata boksi la toleo jipya la kijarida chake cha mambo ya ajabu ya Simiyu. Mbele yake, wanawake wawili wasiojuana walikuwa wakitazama toleo lililopita.

"Eti mzee kamzika ng'ombe wake wa kulimia, kamfunika na shuka!" alicheka mwenye kitenge. "Huyu mwandishi anajua kutafuta."

"Huyo mzee ni baba yangu, mayu," alisema mwenzake taratibu, kwa heshima ya Kisukuma. "Ng'ombe yule ndiye aliyetusomesha. Kila asubuhi baba alikuwa anakwenda kukaa pale kaburini. Sasa watu wanakuja kupiga picha na kucheka, haendi tena."

"Lakini si alikubali mwenyewe kuandikwa?"

"Alikubali. Alidhani ng'ombe wake anaandikiwa ukumbusho."

Method alikikumbuka kichwa cha habari alichokiweka ili kijarida kiuzike haraka: "Kichekesho cha Migato." Akainama mbele.

"Dada, ni mimi niliyeandika. Naomba unisamehe."

Basi lilisimama. Dada yule alichukua kikapu chake. "Hayo mwambie yeye," alisema, akashuka.

"Na hilo jipya lina nini?" mwenye kitenge alimuuliza Method.

Method alimpita, akashuka kumfuata yule dada kwa baba yake.