Zephania Barasa Makokha, Fundi wa Pikipiki za Theluji katika Jiji la Riyadh

Ndugu na jamaa mliofika hapa Matulo leo, Jumamosi tarehe 29 Novemba 2025, tunamsindikiza Zephania Barasa Makokha. Maisha yake yanaelezwa hapa kwa kadiri familia ilivyoyafahamu. Si yote yatakayopendeza masikioni, nasi tumejiuliza mara nyingi kama tumepima vyema. Mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Matulo tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa Mzee Yohana Makokha na Mama Jael Nanjala, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mkimya mwenye mikono isiyotulia. Siku moja kabla ya Krismasi aliifungua cherehani ya mama yake yote, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja. Cherehani ilishona kama kawaida, lakini mama aliihifadhi skrubu ile na kuwaonyesha wageni huku akicheka. Dada yake Roseline anakumbuka kwamba kila mara wageni walipobisha hodi, Zephania alitokea mlango wa nyuma akajificha shambani. Fimbo aliistahimili. Kuchekwa mbele ya watu hakukuweza, wala hakukuweza ukubwani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Webuye, kisha akahitimu stashahada ya ufundi wa mitambo mjini Eldoret mwaka 1989. Aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, idara ya misitu, akisimamia misumeno ya injini iliyokata miti. Ni injini ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, zenye moshi wa samawati na hasira za karibu. Marehemu alizielewa kuliko alivyowaelewa watu. Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na Selipher Nasimiyu, mwalimu wa chekechea, katika Kanisa la Marafiki. Mungu aliwajalia Valary, Dancan na Metrine.

Kiwanda kilipofungwa, alikaa nyumbani akitengeneza pampu za jirani, hadi mwaka 2011 alipopata mkataba Riyadh. Wakala alimwambia anakwenda kutunza mitambo ya thamani. Alipofunguliwa mlango wa karakana alikuta vyombo ambavyo hakuwahi kuviona: mbele miguu miwili ya chuma ya kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira, kiti kirefu, taa moja kama jicho, na kamba ya kuvutia injini. Zilikuwa pikipiki za theluji, za miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, katika jiji ambalo watu hutafuta kivuli hata cha nguzo ya taa.

Mwenye pikipiki hizo aliitwa Abdulmohsen. Wafanyakazi walimwita Baba Muhsin. Alisomea Kanada katika miaka ya sabini, na huko ndiko alikozipanda pikipiki kama hizo kwa mara ya kwanza. Kila majira ya baridi alikutana na wenzake waliosoma nchi za namna hiyo, wazee wenye magoti mabovu, kwenye nyumba ya mapumziko nje ya jiji. Walikunywa kahawa na kubishana.

"Theluji ilinifika hapa," mmoja angesema, akijigusa kifuani.

"Mwaka jana ilikuwa magotini!" mwenzake angemdaka. "Inaendelea kunyesha ndani ya kichwa chako?"

"Yalla, Zefa, washa!"

Marehemu aliinua nyuma ya pikipiki juu ya stendi ili mkanda uzunguke bila kugusa mchanga, akaweka feni kubwa ya umeme mbele ya injini, kwa kuwa injini hizo ziliundwa zipozwe na upepo wa baridi, nao Riyadh haupo. Kisha akavuta kamba. Moshi ulipotanda wazee wale waliacha kubishana, wakafumba macho. Mmoja alilia waziwazi, akisema ananusa asubuhi ya siku aliyochumbia. Mara moja walimuuliza fundi wao kama naye amewahi kuona theluji.

"Kwenye friji, baba," akajibu, nao wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kicheko hicho hakikumuuma. Alisema kwamba pale alijiona mtu.

Mwaka 2013, karo za watoto zilipozidi, Mama Selipher naye aliacha chekechea akaenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja mtaa wa Al-Rawdah. Mume Riyadh, mke Jeddah, na kati yao safari ya basi ya usiku kucha. Walionana kwa nadra. Jeddah marehemu alikuwa na marafiki wawili: Duncan, wajina wa mwanawe, mhasibu kutoka Kakamega, na Ibra, mhandisi wa maji kutoka Tanga. Hao walimjua kama enjinia. Walipouliza habari za mkewe, aliwaambia ni mwalimu, akaishia hapo.

Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2018, Baba Muhsin na wenzake walipeleka pikipiki nne kwenye maonyesho ya vyombo vya zamani jijini Jeddah. Marehemu alinunuliwa koti jeusi. Alitambulishwa kwa kipaza sauti kuwa mhandisi, Duncan na Ibra wakampigia makofi wakiwa mstari wa mbele. Alikuwa ameinama kushika kamba aliposikia jina lake la nyumbani.

"Baba Valary! Baba Valary!"

Alikuwa Mama Selipher, katika sare ya kadama, kama wanavyoitwa wafanyakazi wa nyumbani kule, aproni kiunoni na mtoto wa bosi mgongoni. Kando yake alisimama madam wake, Umm Rayan.

"Enjinia," Duncan akasema, "yule dada wa kazi si anakuita wewe?"

"Amenifananisha."

"Kakuita Baba Valary, ndugu yangu," Ibra akatania. "Kwani una Valary?"

"Wakina Valary Kenya ni wengi."

Walicheka. Marehemu akavuta kamba, injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza, na ukumbi ukashangilia. Moshi ulipopungua alimwona mkewe angali pale pale. Umm Rayan alikuwa akimuuliza jambo, na Mama Selipher akatikisa kichwa: "Mafi, madam. Si yeye." Akageuka, wakaondoka.

Simu ya jioni hiyo ilikuwa fupi. "Mashine yako iliwaka vizuri," Mama Selipher alisema. "Pole kwa kazi, Enjinia." Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine.

Ni kweli kwamba kule mwanamume akimsogelea kadama wa watu anaweza kumponza. Marehemu aliishika sababu hiyo kama mgonjwa anavyoshika mkongojo. Alijiambia kwamba alikuwa akimlinda mkewe na hasira za mwajiri, na huenda kuna siku aliamini. Lakini mwaka uliofuata Valary alipompigia kuhusu ujio wa wachumba, alimuuliza, "Baba, kwani mlikosana na mama? Nikimuuliza tarehe ananiambia, 'Muulize Enjinia.'" Marehemu akaomba ruhusa kazini, akapanda basi.

Alifika Al-Rawdah asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Desemba 2019, akiwa na ovaroli yake ya kazi. Alibonyeza kengele ya geti, akamwambia Umm Rayan kwa Kiarabu chake cha karakana kwamba yeye ni mume wa Selipher, na kama kuna adhabu basi iwe yake.

"Adhabu ya nini?" mama yule alishangaa. "Ninakujua. Picha yako ninayo. Idi nilimuuliza Selipher anataka zawadi gani. Wenzake huomba dhahabu. Yeye aliniomba nimpeleke siku moja akamwone mumewe akiwa kazini. Ni mimi niliyemleta pale. Halafu akasema si wewe."

Hapo mkongojo ulivunjika. Hakuwa na mtu wa kumlinda siku ile, wala hatari yoyote. Aliona aproni, akaona haya. Basi.

Mama Selipher alitoka akifuta mikono. Marehemu alianza kuomba radhi, naye akamkatiza. "Unasema hapa getini ambapo hakuna anayekujua. Wale uliowaambia nimekufananisha, umewaambia?"

Ijumaa hiyo Wakenya na Watanzania kadhaa walikuwa wanakula pamoja nyumbani kwa Duncan na mkewe Wangari, mtaa wa Aziziya. Umm Rayan aliwapa dereva. Waliingia pamoja, marehemu mbele na mkewe nyuma yake, sebule imejaa watu na sahani. Hakukaa. Alisema kwamba yule kadama wa maonyesho ni mke wake wa ndoa.

Duncan, kwa wema wake, alimfungulia njia ya kutokea. "Aa, Enjinia, hayo yameisha. Hata mimi ningefanya hivyo. Hapa ukimsalimia dada wa watu unamharibia kazi. Ulikuwa unamlinda tu."

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Ilitosha marehemu aseme "ndiyo" akae, apakuliwe, heshima yake ibaki. Mama Selipher mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kutazama mlango.

"Hapana," marehemu akasema. "Madam wake alinijua. Nilikuwa najilinda mimi. Niliiona ile sare nikaona haya mbele yenu. Alikuwa amebeba mtoto wa watu ili wetu wasome, na mimi nikamkana. Na msiniite enjinia. Mimi ni fundi."

Hakuna aliyegusa chakula. Hatimaye Ibra aliinuka, akampa Mama Selipher kiti chake. "Shemeji, karibu. Utuwie radhi, siku ile tulicheka."

"Mlicheka, ndiyo," akasema Mama Selipher. Alimtazama mumewe aliyekuwa angali amesimama, jasho likimtiririka kama mtu aliyebeba mzigo. "Wangari, mpakulieni Baba Valary. Ametoka Riyadh na basi."

Hakusema amesamehe, wala familia haitamsemea.

Marehemu aliendelea na kazi yake Riyadh hadi Septemba 2024, figo zilipoanza kumsumbua. Mama Selipher aliaga Al-Rawdah akaenda kumuuguza. Wale wazee wa pikipiki walipokezana kumtembelea, kila mmoja na theluji yake yenye kina tofauti. Siku moja, wageni walipokwisha kwenda, alimwambia mkewe, "Haya ile haijaniisha."

"Isikuishe," Mama Selipher alijibu. "Lakini kunywa uji."

Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, katika hospitali moja jijini Riyadh, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Kamati ya mazishi ilipoketi kuandika wasifu huu, wengi wetu, tuliosoma na tusiosoma, tulikubaliana kwamba habari za Jeddah ziachwe. Marehemu hasemwi hivyo. Wakwe wamo, kanisa limo. Tulitayarisha ukurasa safi. Mama Selipher aliusoma, akauweka chini.

"Kumkana mtu ni jambo la dakika moja, hata ninyi mnaliweza," alisema. "Kusimama pale Aziziya huku mlango wa kutokea ameshafunguliwa, asiutumie, hilo alilifanya mwenyewe, na lilimuuma. Mkilifuta mnanirudishia yule wa kwenye maonyesho. Mimi siziki yule. Nazika wa Aziziya."

Kwa hiyo huyo ndiye tunayemzika.

Marehemu ameacha mjane, Selipher Nasimiyu. Watoto Valary, Dancan na Metrine. Mkwe mmoja na mjukuu mmoja, Maryann. Ndugu zake Roseline na Titus. Wapwa na marafiki wengi, wa hapa nyumbani na wa ng'ambo.

Lala, Zephania, mwana wa Makokha. Mungu akupe pumziko, na amani yake ikufunike.