Mwalimu Fausta na Darasa Lililoitika Ndiyo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Fausta Samwel anastaafu, baada ya kufundisha darasa la nne la shule yetu hapa Kidodi kwa miaka thelathini na sita. Wakuu wa shule wamekuja na kuondoka, upepo umeezua mabati na yakarudishwa, yeye hakuhama hata chumba. Mimi, Onesphory, nimefundisha chumba cha pili yake muda wote huo. Tumetenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo kamati ya sherehe imeona ninamfahamu vizuri. Kwa masikio, hasa.

Alizaliwa Mamboya, binti wa mwinjilisti, na alitoka chuo cha ualimu akiwa na imani kamili juu ya kufundisha. Alitutangazia ofisini siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Darasa linalojifunza, alisema, hunyamaza kama waumini wakati wa mahubiri. Mwalimu mpya asicheke mbele ya wanafunzi kabla ya Pasaka, wasije wakamzoea. Na mtoto akiitika ndiyo, basi ameelewa. Sisi wenyeji tulimwangalia tu, tukaendelea kunywa chai.

Lazima niseme, mwanzoni mambo yalimwendea vizuri. Darasa lake lilikuwa kimya kiasi kwamba malori ya miwa yakipita barabarani tulisikia mpaka madereva wakikohoa. Langu lilikuwa soko. Mwalimu mkuu aliniambia niende nikajifunze kwake, nami nikanuna wiki nzima.

Dosari ilianza kuonekana siku nyani alipoingia. Alipitia dirisha la nyuma wakati Mwalimu Fausta ameligeuzia darasa kisogo, anaandika ubaoni. Nyani akakaa dawati la mwisho, akafungua mfuko mmoja baada ya mwingine, akala mihogo ya watu. Hakuna mtoto aliyepiga kelele, maana kelele zilikatazwa. Mwalimu, bila kugeuka, akawasifu kwa utulivu wao, akauliza kama wanamfuata. Wakaitika kwa pamoja: "Ndiyo mwalimuuu!" Mihogo ilipoisha, nyani aliondoka kwa hiari yake.

Tungecheka yakaisha, lakini mwezi Machi akaja mkaguzi kutoka Kilosa. Mwalimu Fausta alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na neno la mkaguzi ndilo lingeamua kama atathibitishwa kazini. Baba yake mdogo, mwenye gesti pale Mikumi, alishamwandalia kiti cha mapokezi endapo angeshindwa, na kila walipoonana alimkumbusha kwamba kiti hicho kina mto. Yeye alitaka kufundisha. Hakuwahi kutaka kazi nyingine, na wiki ile alikonda sote tukimwona.

Mkaguzi alifika na njaa, maana basi lilikuwa limemharibikia Mikumi. Somo lilikuwa hesabu za sehemu. Mwalimu Fausta alileta muwa wenye pingili nane, akafafanua nusu, robo na robo tatu kwa ufasaha mkubwa, na kila alipouliza kama wameelewa, "ndiyo" yao ilitikisa mabati. Mkaguzi akasimama, akauliza: mtu akila robo ya muwa huu, zinabaki pingili ngapi? Darasa zima likajibu, kwa furaha kabisa: "Ndiyo mwalimuuu!"

Nilikuwa nimetega sikio ukutani, na nilimwonea huruma. Mkaguzi akataka kujua nani hajaelewa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo Generoza, mdogo kuliko wote mle ndani, akasimama, akampa mkaguzi shikamoo yake, akasubiri marahaba, kisha akasema:

"Mimi sijaelewa tangu tulipofungua shule."

Mwalimu Fausta angeweza kumkaripia, na wengi wetu tungefanya hivyo. Yeye alicheka. Pasaka ilikuwa bado, lakini alicheka mpaka akashika meza, machozi yakimtoka, kisha akampa Generoza kisu na muwa, akamwambia akate robo. Generoza akakata pingili nne. Darasa likalipuka kwamba hiyo ni nusu, huo ni wizi! Wengine wakabisha, wengine wakaja mbele kuhesabu kwa vidole. Wanafunzi wangu wakanitoroka na kujazana madirishani. Mwishowe Generoza akamkabidhi mkaguzi pingili mbili, akamtangazia kwamba zimebaki sita na asiombe nyingine. Mkaguzi akala zake pale pale.

Jioni alituambia ofisini kwamba nusu ya kwanza ya kipindi ilimfanya atake kumrudisha binti huyu kwao, na nusu ya pili ilimfanya yeye mwenyewe atake kurudi darasa la nne. Akamthibitisha.

Tangu siku ile Mwalimu Fausta hakuuliza tena kama wameelewa. Aliuliza ni nani aliyeachwa njiani, akamsubiri. Ndivyo alivyowafundisha watoto wa wakulima wa miwa, na baadaye watoto wa watoto hao. Mwaka jana alipokuja Mwalimu Kelvin, akiamini kwamba kila somo linahitaji projekta, tulitaka kumcheka. Mwalimu Fausta alitukataza, akamsaidia kubeba projekta yenyewe. Anasema mwalimu mpya aje na imani yoyote, ilimradi awepo mtoto wa kumwambia ukweli na yeye awe na moyo wa kumsikiliza.

Kuhusu kelele zilizojaa chumba chake tangu siku ile, nimepeleka malalamiko kwa kila mwalimu mkuu aliyepita hapa. Leo nayaondoa yote. Shule ikifunguliwa Julai, upande wa pili wa ukuta hatakuwepo, na kusema kweli sijui nitafundishaje.

Mwalimu Fausta, asante kwa kazi yako. Nenda Mamboya salama, na tunakuombea nyumba iliyojaa wajukuu wabishi.