Poudre ya Félicité

Kijiwe yetu ya Bunia iko mbele ya kibanda ya kahawa ya Mama Fifi, pembeni ya ile barabara ya vumbi yenye kupanda ku soko. Banki ya kukalia ni moja tu, ya mbao. Gaspard tunamwitaka Ministre, juu zamani alitumika mu biro moja ya serikali, kazi ya kufungulia bakubwa mulango. Blanchard tunamwitaka Réseau, ni kusema mutandao. Anatengenezaka telefone, na hakuna telefone ilishakatala kufa mu mikono yake. Leo katikati yao alikaa Papa Augustin, fundi wa kushona, mabega yote meupe. Asubuhi radio ilisema résultats ya Exetat, mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari, ya Ituri imetoka. Hakungoja neno la pili. Alifungua kopo ya poudre, ule unga mweupe ya kupaka mwili, akamumwangia mutoto wake Félicité kichwani sawa vile tunafanyiaka mwenye kupata diplôme. Avenue yote ikaimba, bajirani bakaleta makopo yao. Saa sita ya midi, radio ikarudilia pole pole: iliyotoka ni ya bale ba pédagogie tu, benye kusomea ualimu. Félicité alifanya chimie-biologie. Basi mutoto iko nyumbani, mweupe kama kinu ya unga, na hakuna mutu anajua kama alipita.

Augustin — Réseau, tuma tena.

Réseau — Nimetuma, papa. Inajibu: jaribu tena baadaye.

Ministre — Baadaye gani?

Réseau — Haisemi. Machine haikuogope, Ministre.

Augustin — Labda unaituma vibaya.

Réseau — Vibaya namna gani? Code iko ku carte ya mutihani ya mutoto. Unaiandika yote bila kuruka namba hata moja, unaituma ku kampani ya telefone, unangoja. Ao unaingia mu internet, unaandika ile ile. Ao unangoja babandike liste ya majina ku masomo. Ni hivyo tu.

Mama Fifi — Kama ni hivyo tu, mbona uko hapa tangu midi?

Réseau — Ni batu mingi, mama. Ituri yote inatuma saa moja. Zile message zinasukumana mu mulango.

Ministre akacheka kidogo, ile kicheko ya mutu mwenye kushika siri ya serikali.

Ministre — Huyu hajue kitu. Kuko biro kule Kinshasa. Mu ile biro kuko mutu mumoja. Anasoma message yako, anasimama, anafungua tiroir ya meza, anatafuta, anarudi kukaa, anajibu. Sasa hivi anapumzika.

Miye — Na akikufa?

Ministre — Banaweka mwingine. Unafikiri serikali ni mutoto?

Réseau — Mutu mumoja kwa inchi muzima?

Ministre — Njo maana inachelewaka. Miye nilikuwa mu biro, weye ulikuwa wapi?

Kweli alikuwa mu biro, upande wa mulango.

Réseau — Shida ni urefu. Ku Bambu, batoto banapandaka juu ya ile milima ya udongo benye kuchimba zahabu banatupa. Unasimamisha telefone juu, résultat inaingia mara moja.

Mama Fifi — Basi panda juu ya kibanda yangu. Ikianguka, utaijenga na diplôme yako.

Réseau — Ao tumwone ule kijana wa soko. Yeye anakutafutia résultat hata mbele ya inspecteur kuiona. Shemeji yangu alienda, akapata soixante-quatorze, makumi saba na ine ku mia.

Augustin — Na ku liste?

Réseau — Ku liste jina yake haikukuwa. Lakini ile soixante-quatorze iko mu telefone yake mpaka leo. Anaionyeshaka ku ndoa.

Ministre — Musikilize siye batu ba serikali. Mwenye kuanguka, banamujibu mbio, kuko nini ya kuficha? Mwenye kupata mingi, banakawia. Banaita bakubwa bakuje kuona kwanza. Hii kuchelewa, Augustin, ni heshima.

Augustin — Kweli?

Ministre — Kabisa. Usiku inaweza hata kusomwa ku télévision.

Réseau — Ao ni ile poudre. Muliimwaga mingi sana, inaziba antenne.

Augustin alikuwa anatazama mikono yake.

Augustin — Munaniona mupumbavu. Sawa. Wakati ya vita tulitoka Bule mbio, miye na machine ya kushona ku kichwa, yeye na sac ya masomo. Hakubeba nguo, alibeba vitabu. Mwaka moja alisomea chini ya bâche ya plastiki, mu kambi ya bakimbizi, na mvua inaingia. Ile radio iliposema Ituri, mikono yangu njo ilifungua kopo, si miye. Sikuweza kungoja.

Mama Fifi akamuongezea kahawa bila kuulizwa.

Mama Fifi — Na mutoto, si anawe tu?

Augustin — Nilimukataza. Akinawa, avenue itasema ameanguka.

Ministre — Vizuri sana. Poudre ni document.

Njo pale Félicité alitokea, kitambaa ku mabega, nywele zimegandamana. Vumbi ya barabara ilishageuza weupe yote kuwa rangi ya udongo. Macho yalikuwa mekundu, sijui kama ni poudre.

— Jambo ba papa. Jambo mama.

Ministre — Ah, mademoiselle diplômée. Sogeeni, akae.

Hakukaa. Alitazama baba yake, kisha telefone mu mukono ya Réseau, kisha siye bote, mumoja mumoja.

— Ninyi bote mulikuja kunimwangia, alisema. Sikatae, mulifurahi na miye. Lakini kama nimeanguka, ni nani kati yenu atakuja kuninawisha?

Réseau aligeuza telefone, kioo chini. Ministre, mutu wa maneno, akaanza kutafuta kitu mu mufuko ya koti, na hakukipata.

Mama Fifi akainua thermos yake, akasema kahawa imeisha, kila mutu aende nyumbani kwake. Thermos ilikuwa ingali nusu. Tulisikia kahawa ikicheza ndani.