Ofisi ya Chaki

Benchi la pale kona, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, lina mguu mmoja wa tofali, na wanaolikalia wamezoeana nalo: akiinuka mmoja, wengine hushika vikombe. Asubuhi hiyo katikati aliketi Karani, ambaye huwaandikia watu barua na maombi ya kazi. Kulia kwake alikuwa Seremala, penseli sikioni, na kushoto yule wanayemwita Diwani, ambaye hajawahi kuchaguliwa kwa lolote ila huongea kama aliyepita bila kupingwa. Muuza kahawa alikuwa nyuma ya jiko lake, akisikiliza huku amegeuka upande. Kibanda cha Karani kilikuwa kinavunjwa Ijumaa kupisha barabara, na hakubakiwa na pa kufanyia kazi isipokuwa kile chumba kidogo nyumbani kwake, ambamo mkewe, Mungu amrehemu, aliugulia na kufia. Tangu siku ya mazishi hakuwa amekifungua. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati, na mara kwa mara aliugusa, kama mtu anayegusa jino kuona kama bado linauma. Hilo la ufunguo wenzake hawakulijua. Walichojua ni kwamba rafiki yao anataka ofisi, na mfuko wake ni mwepesi.

— Chumba chenyewe kina ukubwa gani? aliuliza Seremala.

— Kidogo.

— Kidogo cha kuku au kidogo cha mtu?

— Cha mtu. Kitanda kilikaa hivi, na aliyelala aliweza kunyoosha mkono akafunga dirisha.

— Mkono wa nani?

— Wake.

Karani alinyoosha mkono wake mwenyewe, kisha akaurudisha nyuma kidogo na kuonyesha mahali wa mkewe ulipokuwa ukifika. Seremala alitoa kipande cha chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya baraza la duka, akachora kuta nne, dirisha, na pengo la mlango. Kreti ya soda ikawa meza. Ndoo iliyogeuzwa ikawa kiti, na Karani akaambiwa aingie ajaribu.

Diwani naye akaingia.

— Wewe, umepita ukutani, alisema Seremala.

— Ukuta gani?

— Huo uliokanyaga. Toka, upite mlangoni kama watu.

Diwani alitoka, akazunguka, akafuta miguu, akapita kwenye pengo.

— Haya. Sasa niseme ukweli, kazi hii ni ndogo, alisema Seremala. Meza ya kukunja. Naifunga bawaba ukutani. Ukimaliza kazi, unaipandisha, chumba kinapumua.

— Bawaba zinanunuliwa, alisema Diwani. Mwenzetu hana kitu. Ung'oe mlango, uulaze juu ya kreti mbili. Meza hiyo, bure.

— Na mlangoni patabaki nini?

— Pazia.

— Pazia lilikuwepo, alisema Karani. Mlango hautoki.

Alilisema polepole, kama asemavyo kila kitu, lakini Diwani alikunywa kahawa yake kwanza kabla ya kujibu.

— Basi mlango ubaki. Mimi sina ugomvi na mlango. Tuweke kioo kikubwa ukuta wa huku. Mteja akiingia anaona makarani wawili. Heshima inapanda, mshahara ni wa mmoja.

— Ataona na wateja wawili, alisema muuza kahawa bila kugeuka. Atajua kuna foleni, ataondoka.

— Mama, wewe tumiminie tu.

— Namimina. Masikio hayamimini.

Seremala hakupenda kuona fani yake inachukuliwa na mtu asiyejua kushika nyundo.

— Sikilizeni. Meza inaning'inia darini kwa kamba. Mteja akija, Karani anaishusha. Akiondoka, anaipandisha.

— Na chai iliyo juu ya meza?

— Anaimaliza kwanza.

— Meza imuangukie mtu kichwani, alisema Diwani, halafu karani huyohuyo amwandikie barua ya malalamiko. Hapana. Dawa ni moja. Dirisha hilo linatazama nje, au siyo?

— Linatazama kichochoro, alisema Karani.

— Basi mteja haingii kabisa. Anabaki kichochoroni, anaingiza kichwa tu. Chumba chote kinabaki chako.

— Mvua ikinyesha?

— Kichwa si kiko ndani?

Hapo Karani alicheka. Kicheko kilimtoka chote, mpaka ndoo ikayumba. Kisha akakumbuka alipokaa. Kwa mistari ya Seremala, ndoo ilikuwa pale pale kilipokuwa kichwa cha kitanda. Kila alfajiri alimwomba Mungu nguvu za kukifungua chumba kile, akaitikia amina, kisha akaenda jikoni bila kutazama upande huo. Sasa alikuwa amekaa ndani yake, kweupe, anacheka, na hakuna aliyemkemea.

Mpita njia mmoja, mwenye bahasha kwapani, alisimama kwenye pengo la chaki.

— Samahanini, ofisi imefunguliwa?

— Bado, alisema Diwani. Njoo Jumamosi.

Nyuma yake alikuja mwanamke aliyebeba ufagio, ndoo na kopo la rangi lililobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Alikuwa mdogo wa marehemu. Aliweka mzigo chini, akaisoma ile michoro kwa muda.

— Shemeji, nimekuja tusafishe. Ijumaa si mbali. Lakini niambieni, mlango wenyewe unafungukia ndani au nje?

Wanaume walilitazama pengo la chaki.

— Inategemea, alisema Seremala.

— Inategemea nini?

Seremala alitazama kreti yake, iliyokuwa karibu kabisa na pengo.

— Kwa kawaida, alianza Diwani, milango duniani... Akanywa kahawa iliyokwisha.

Wote walimgeukia Karani. Naye alitafuta kichwani, akaona pazia la maua. Alijiona na bakuli la uji mikono miwili, akilisukuma pazia kwa bega. Mlango hakuuona.

— Sijui, alisema.

— Mlango wa nyumbani kwako huujui? aliuliza Diwani.

— Nyamaza, kaka, alisema shemeji. Hata mimi sikumbuki. Dada alipokuwa anaumwa haukuwahi kufungwa, usiku wala mchana, tumsikie akiita. Umefungwa juzi tu, baada ya mazishi.

Karani alisimama. Alitoka kwa kupita kwenye pengo, hakukanyaga ukuta. Akauingiza mkono mfukoni, na safari hii ukatoka na ufunguo.

— Twendeni tukaangalie.

Seremala na Diwani, waliokuwa wamerudi kwenye benchi, waliinuka kwa pamoja, likalala ubavu.

— Na vikombe vyangu? aliuliza muuza kahawa. Hawakumsikia, wakaondoka navyo.

Kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba walisimama mmoja nyuma ya mwingine. Karani alisema, Ee Mola, nishike mkono, akazungusha ufunguo. Akavuta. Mlango haukutikisika.

— Nje huo, umekwama tu, alisema Diwani kutoka nyuma. Vuta kiume.

Karani hakuvuta. Aliweka kiganja, akasukuma. Mlango uliingia taratibu, ukagusa mguu wa kitanda, ukatulia. Pazia la maua lilikuwa limekunjwa juu ya godoro, na vumbi limelala kila mahali.

— Ndani, alisema.

Nyuma yake Seremala alishusha pumzi, maana meza yake ya kukunja, kioo cha Diwani na kamba, vyote vingegongwa na mlango huo.

Karani aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, upande wa kichwani. Midomo yake ilisogea kwa dua. Shemeji alibaki kizingitini na ufagio wake, hakufagia. Kisha Karani alinyoosha mkono. Ulifika. Akalisukuma dirisha, mwanga ukaingia.

Kichochoroni alikuwa amesimama Diwani, kikombe mkononi. Hakuna aliyemwona akitoka. Aliingiza kichwa, akatazama huku na huku kama mkaguzi.

— Hodi. Nimekuja kuandikiwa barua.

— Karibu, alisema Karani. Ila pita mlangoni.