Milisho Mitatu ya Kuanzia

Kijiwe cha kahawa cha Clementi kipo Mwisenge, ubavuni mwa kibanda cha fundi simu. Kina benchi refu moja na benchi fupi moja, na hilo fupi mguu wake mmoja umeungwa kwa kipande cha bati. Clementi huwasha mkaa saa moja asubuhi, na ikifika saa nne birika la pili huwa limefika nusu. Wanaokaa pale ni walewale. Machage, dereva wa bodaboda, wanamwita Mkoa Mzima, kwa sababu hakuna kijiji cha Mara ambacho hadai kumfikisha mtu. Magesa alikuwa karani wa ushirika wa pamba kule Bunda, akastaafu na tabia ya kuuliza kila jambo limeandikwa wapi, kwa hiyo ni Mkaguzi. Mzee Nyamburi hana jina la utani. Macho yake yameingia ukungu, na huwatambua watu kwa kikohozi. Mwenye kibanda, Keraryo, ni Chaji. Jumanne hiyo Keraryo alitoka kibandani na daftari mkononi, akakaa benchi fupi, mbali kidogo na Mzee.

Daftari lilikuwa kwa ajili ya Mwalimu Gloria. Huyo dada alikuwa amehamishiwa sekondari moja ya Buhare, anafundisha kemia, na wiki iliyopita alileta simu iliyopasuka kioo. Alipokuwa akisubiri alilalamika kwamba magrupu yanamletea habari zisizo na mwenyewe. Keraryo akamwekea programu ya kusomea milisho, akamwambia hiyo ndiyo dawa. Jana mwalimu akapiga simu. Ameifungua, kweupe, hakuna kitu. Sasa afuate nini? Keraryo alikuwa na milisho sitini na mbili kwenye simu yake mwenyewe, na hakujua amwambie aanze na upi. Akamwahidi orodha leo saa tano.

— Mlisho, alisema Machage. Wa ng'ombe?

— Wa habari. Tovuti ikiwa na mlisho, unachukua anwani yake unaibandika humu. Wakiandika kitu kipya kinakuja chenyewe, na tarehe yake, na jina la aliyeandika. Hakuna mtu wa katikati wa kukuforwadia.

— Imeandikwa wapi hiyo? aliuliza Magesa.

— Hapa, Mkaguzi. Angalia. Hii ya jana, hii ya juzi.

Magesa alivaa miwani, akaangalia, akavua.

— Sawa. Ni leja, alisema.

— Kwa hiyo nataka mnisaidie, alisema Keraryo. Mtu mgeni kabisa, hajawahi kutumia kitu hiki. Mpeni milisho ya kuanzia. Michache tu.

Machage hakuhitaji kufikiri. Alitaja mlisho wa usajili wa wachezaji Uingereza. Akataja wa Hispania. Akataja mwingine wa timu ya daraja la pili Ureno, ambayo alikiri kwamba hajawahi kuiona ikicheza, ila ana imani nayo.

— Mwalimu wa kemia, Mkoa Mzima.

— Walimu wa kemia hawapendagi mpira?

Magesa naye alitaja tangazo la zabuni za serikali, kisha tovuti moja ya Kifaransa.

— Unajua Kifaransa? aliuliza Clementi huku akimimina.

— Sijui hata neno. Naifungua kila asubuhi, naangalia, nafunga. Haijawahi kunidanganya.

Keraryo aliandika yote, kwa kuwa aliona aibu kuwakatalia. Orodha ilifika kumi na nne. Wakati wote huo Mzee Nyamburi alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Kila alipokiinua, Keraryo aliinamia daftari.

Sababu alikuwa nayo. Wiki mbili zilizopita Mzee alipanda gari mpaka Manyamanyama, kule Bunda, kwa sababu ya ujumbe wa simu, aliosomewa nyumbani juu juu, uliosema madaktari wa macho wamekuja pale kwenye shule moja, siku mbili, bila malipo. Alikuta watoto wanacheza mpira. Mwalimu wa zamu akamsomea ule ujumbe mpaka chini, akamwambia, baba, hii ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mzee akalala kwa shemeji yake, kesho yake akarudi. Na aliyemtumia ule ujumbe ni Keraryo. Aliuona kwenye grupu siku moja mkono mmoja ukiwa na chuma cha kulehemia, akamkumbuka Mzee, akabonyeza, akaendelea na kazi. Hakusoma mwisho. Tangu siku ile, Mzee akikaa kijiweni, Keraryo alikuwa anakumbuka kazi ya haraka ndani ya kibanda.

— Milisho hii ingekuwepo mapema, alisema Machage, Mzee asingeenda Bunda bure.

Keraryo akaacha kuandika.

— Ule ujumbe nani aliutuma lakini? aliuliza Clementi.

— Wenye magari, alisema Machage. Siku abiria wakipungua wanatuma kitu cha bure kiko mbali. Sisi wa bodaboda tungefanya hivyo hivyo, ila hatuna umoja.

— Hapana, alisema Magesa. Angalia mantiki. Ujumbe una miaka mitatu. Mwenye gari anataka pesa ya leo, hawezi kutumia karatasi ya zamani. Ule ujumbe ulikwama.

— Ulikwama wapi?

— Mnarani. Mwaka ule mtandao ulikuwa unakatikakatika. Ukafika mnara wa Bunda, ukakosa njia, ukakaa pale. Ujumbe hauozi, Clementi. Unasubiri.

— Miaka mitatu?

— Sisi ushirika tulipokea barua ya mwaka themanini na tisa mwaka tisini na saba.

Machage alikubali kwa kichwa. Alikuwa amepita chini ya mnara huo mara nyingi.

— Na minara ya upande ule iko karibu na hifadhi, alisema. Tembo wanatokaga usiku kula mahindi ya watu. Tembo anajikunaga wapi?

— Kwenye mti.

— Na pasipo na mti?

Wote wakafikiri.

— Kwa hiyo tembo ameegemea mnara, alisema Magesa taratibu, na ujumbe umedondoka.

— Siyo mmoja. Mimi wiki ile ile nimepokea salamu za Krismasi.

Clementi alisema yeye pia alipata salamu hizo. Jambo likaonekana limekwisha kuthibitika. Magesa alimwambia Keraryo aongeze kwenye orodha mlisho wowote unaohusu mienendo ya tembo, uwe wa kumi na tano, ili mwalimu awe anajua siku za kutoamini simu yake.

Keraryo alifunga daftari.

— Siyo tembo, alisema. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemtumia Mzee. Sikusoma mpaka mwisho. Nisamehe, baba.

Machage akageukia barabara kana kwamba kuna mteja. Hakuwepo. Mzee Nyamburi alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini, akautafuta ukingo wa benchi kwa kidole.

— Najua, alisema.

— Unajua?

— Yule mwalimu wa Manyamanyama alinisomea na jina. Keraryo Fundi.

Kwa wiki mbili nzima hakuna aliyekumbuka kwamba ujumbe huja na jina la aliyeutuma. Magesa, ambaye maisha yake yote aliuliza kila jambo limeandikwa wapi, alivua miwani akaifuta kwa shati.

— Mbona hukusema, baba?

— Nilikuwa nangoja useme wewe. Ulikuwa unakimbilia kibandani. Nikasema, ana kazi nyingi, siku moja zitaisha.

Keraryo aliinamia daftari. Mzee ndiye aliyemnasua.

— Hiyo orodha yako imefika ngapi?

— Kumi na tano, pamoja na tembo.

— Nyingi. Mimi nimechunga Butiama miaka ishirini. Mtoto akija mgeni kwenye boma letu, baba alikuwaga anamwonyesha mahali patatu pa kunyweshea, basi. Akishazoea, mahali pengine anapaona mwenyewe. Ndugu yangu mmoja alimwonyesha mgeni wake mahali kumi kwa siku moja. Jioni ng'ombe walirudi peke yao, mchungaji tukamtafuta siku mbili. Wewe ulianza na ngapi?

Keraryo ilibidi akumbuke. Ilikuwa kabla ya milisho sitini na mbili, kabla hata ya kibanda.

— Mmoja, alisema. Kuna fundi mmoja Kahama. Kila Ijumaa alikuwa anaandika simu aliyoshindwa wiki hiyo, halafu anaeleza alichokuja kugundua. Na picha, na mishale. Sehemu ya kuchajia nilijifunza kuitengeneza kwake. Sijawahi kuonana naye.

— Basi unajua kuanza. Kwa nini unamwandikia mwalimu vitu vya Machage?

Keraryo akafungua ukurasa mpya. Machage aliitetea Ureno kidogo, kisha akaiachia. Mlisho wa kwanza ukawa wa watu wa hali ya hewa, kwa kuwa Buhare ukikosea mvua unafika kazini na tope mpaka magotini. Wa pili, gazeti moja la Kiswahili ambalo kila habari ina jina la mwandishi, na likikosea linasahihisha. Magesa ndiye aliyeliteua. Alikuwa amehesabu masahihisho yao mwaka mzima, na akawaheshimu kwa hayo. Wa tatu uliwachukua muda. Keraryo alitafuta kwenye simu mpaka kahawa ikapoa, akampata mwalimu wa kemia huko Iringa anayeandika mara moja kwa mwezi namna ya kufanya majaribio shuleni pasipo na maabara, kwa chupa za maji na ndimu. Akasoma andiko moja lote, mpaka mstari wa mwisho, kabla ya kuliandika daftarini.

Mwalimu Gloria alifika saa tano kasoro, akamwamkia Mzee kwanza, kisha wengine. Keraryo alimpa karatasi. Akaisoma amesimama.

— Mitatu tu?

— Ya kuanzia. Ukiizoea, mingine utaiongeza mwenyewe. Ukiona mmoja haukufai, futa, hautakuuliza.

Alitoa simu, Keraryo akambandikia yote mitatu. Akaugusa ule wa Iringa, akasoma kidogo, akakaa benchi fupi bila kuangalia anakaa wapi. Alisoma muda mrefu. Wenye kijiwe walikunywa polepole kwa kumheshimu. Alipoinua kichwa alisema atalifanya lile la ndimu Alhamisi, na kidato cha pili.

Kisha akamtazama Mzee, akauliza macho yana nini. Machage akamsimulia yote, Manyamanyama, ujumbe, Keraryo, na tembo pia hakumwacha. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

— Na hapo kituo cha afya, aliuliza, mlishawahi kwenda kuuliza?

Kituo chenyewe kilikuwa upande wa juu wa barabara, dakika kumi kwa miguu. Magesa alimwangalia Machage. Machage alimwangalia Clementi. Clementi akainua birika, likatoa matone mawili.

Keraryo akasimama, akafunga kibanda, akampa Mzee mkono.

Walitembea taratibu. Kwenye dirisha la kituo muuguzi aliinama akayatazama macho ya Mzee, akauliza yana muda gani hivyo. Kisha akasema daktari wa macho anakuja kila Jumatano, anapima, na wanaohitaji kufanyiwa upasuaji anawaandikia.

— Tangu lini? aliuliza Keraryo.

— Mimi nina mwaka wa nne hapa. Nilimkuta.

Wakatoka nje. Mzee alisimama kivulini, kichwa ameinamisha, na Keraryo akangoja maneno aliyostahili kuambiwa.

— Leo Jumanne, alisema Mzee.

— Ndiyo, baba. Kesho nitakufuata asubuhi, saa mbili. Nitakutumia ujumbe nikiwa njiani.

— Usitume. Piga hodi.