Fundi Liberatus Kalinga na Wanne wa Usangu

Kwa jina la Mungu aliye hai, aliyemfinyanga Adamu kwa mavumbi ya ardhi na kumwuliza Kaini alipo ndugu yake, tunasimama mbele yenu, waombolezaji wapendwa, kusoma historia ya mzee wetu kama alivyotaka isomwe.

Marehemu Liberatus Kalinga alizaliwa hapa Nyololo, wilayani Mufindi, tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa tatu wa wakulima wacha Mungu, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1970, kisha akajifunza uchomeleaji mjini Iringa, na mwaka 1979 akahamia Mbeya, akafungua gereji yake mtaa wa Soweto, ambako alijulikana kwa kazi moja kuliko zote, kunyanyua magari ya porini, landrova kuukuu akiziongezea springi na kuziinua bodi, zikapita kwenye tope na mito iliyoyashinda magari mengine.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na Tekla, ambaye tunaye hapa, wakajaliwa watoto wawili, Dastan na Veneranda.

Mwaka 2017 alifika kwake Seni, mfugaji wa Usangu, akitaka gari la kuvuka maji ya masika na kupeleka watu mnadani, wengine wakikaa ndani na wengine juu, naye marehemu akalinyanyua kupita yote aliyowahi kuyanyanyua, akachomelea mabenchi juu ya keria, na Seni alipolipanda alicheka akasema, "Fundi, sasa ng'ombe wangu nitawaona mpaka Chimala bila kusimama!" Siku ya kulijaribu, marehemu alilisikia likiyumba kwenye kona, akanyamaza, kwa kuwa mteja alikuwa amefurahi.

Tarehe 14 Machi 2018 gari lile lilivuka mto salama, na lilipokuwa likipanda ukingo likalala ubavu, watu wanne wakafa. Wakaguzi walitafuta kosa la fundi wasilione, maana hapakuwa na kanuni iliyosema kunyanyua kuishie wapi, na watu wakampa pole, lakini tangu hapo kila jua lilipozama marehemu alisikia gari likisimama nje, akatoka kulifungulia geti, akakuta barabara tupu, akarudi ndani akimwuliza mkewe, "Mama Dastan, wameshuka wote?"

Mwaka 2023, serikali ilipotaka kanuni za magari yaliyobadilishwa zikazwe, mafundi walimchagua awasemee mkutanoni kuzipinga, naye akasimama akaomba zikazwe zaidi, kila gari lililonyanyuliwa lipimwe kwa kuinamishwa ubavu likiwa na mzigo, mtu asikae juu, na jina la fundi ligongwe kwenye chesisi. Mwenzake Ambrosi akapaza sauti, "Mzee, wewe watoto umewasomesha kwa springi hizo hizo, leo unatufungia sisi mlango?" Marehemu akamjibu, "Ambrosi mdogo wangu, wewe bado unapata usingizi." Wateja wakamkimbia, na Dastan, aliyekuwa akifanya kazi naye, akahamia Iringa kwa hasira, wasisemezane hadi baba alipougua.

Maradhi ya moyo yalimwanza Novemba 2024, akatibiwa Mbeya, Dastan akimwuguza kwa mikono yake, akafariki dunia tarehe 3 Mei 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Soweto, na mafundi wenzake waliousindikiza mwili hadi hapa, Ambrosi akiwa wa kwanza wao.

Aliagiza historia yake isisomwe bila majina ya wale wanne. Asubuhi ya leo wazee wa ukoo walikataa, wakisema kuyataja ni kumwita marehemu mwuaji juu ya kaburi lake, tena Seni amekuja kutoka Usangu bila kuitwa, naye ameketi kati yetu, lakini mama Tekla akawaambia, "Msipoyasoma, mimi kaburini siendi." Basi tunayasoma, na mwenye kuweza asimame.

Justine, aliyekuwa dereva.

Boniface, aliyekuwa akienda kuuza mbuzi wake.

Mbuke, mke wa Seni.

Catherine, binti wa Mbuke, aliyekuwa bado ananyonya.

Seni naye amesimama.

Mzee Liberatus, Mungu akupe huko utulivu ambao hapa hukuupata. Nanyi mliosikiliza mkiwa mmesimama, Bwana awabariki, awatangulie njiani, awafikishe makwenu salama.